Pumzi Sita kwa Dakika

Wiki moja kabla ya Krismasi, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, hufurika abiria wa Kilimanjaro na Arusha. Wachaga wanarudi nyumbani au, kama watani wao wasemavyo, wanakwenda kuhesabiwa. Kariakoo nako hakupitiki. Fundi cherehani ana vitambaa vya watu ambavyo hajavigusa, mhasibu anafunga hesabu za mwaka, na mama wa familia anapiga hesabu ya wageni, mchele na ada ya Januari kwa mpigo mmoja.

Katika hekaheka hizo mwili hujiandaa kama unaokabiliwa na hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, shingo na mabega hukaza, na pumzi hupanda kifuani ikawa fupi fupi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwenye haraka anaweza kuvuka hapo bila kujitambua.

Kati ya mabadiliko hayo yote, pumzi ndiyo rahisi zaidi kuamuriwa. Moyo ukiambiwa upunguze mwendo hausikii, wala tezi hazikatazwi. Pumzi nayo hujiendesha yenyewe mtu akiwa usingizini, lakini akiamka anaweza kuirefusha, kuifupisha au kuizuia kwa muda. Anayeirefusha anaufikia moyo kwa mlango wa uani.

Njia yenyewe ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mtu akivuta hewa, moyo huongeza mwendo kidogo. Akiitoa, neva hii huupunguza. Anayetaka kuhakikisha abonyeze mshipa wa kifundo cha mkono huku akipumua taratibu: huenda akahisi mapigo yakikaribiana, kisha yakiachana. Kwa hiyo wanaomwambia mwenzao “vuta pumzi” wamemfundisha nusu. Utulivu uko zaidi kwenye kuitoa.

Desemba 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya njema wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakikariri mantra za yoga. Katika yote mawili pumzi ilishuka hadi takriban sita kwa dakika. Salamu Maria moja, nusu ya kiongozi na nusu ya waitikiaji, huchukua kama sekunde kumi. Kwa mwendo huo mapigo ya moyo na presha ya damu vilipanda na kushuka kwa mpangilio, na uwezo wa mwili wa kurekebisha presha ukaongezeka.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwemo daktari wa magonjwa ya akili David Spiegel, walitoa matokeo ya jaribio la mwezi mmoja. Washiriki walitenga dakika tano kila siku: wengine waliifuatilia pumzi yao bila kuibadili, wengine wakafuata mmoja wa mitindo mitatu ya kupumua. Wasiwasi ulipungua katika makundi yote. Waliochangamka zaidi ni wale waliokuwa wakishusha pumzi kwa makusudi: kuvuta hewa kwa pua, kuongeza mvuto mfupi wa pili, kisha kuitoa polepole kwa mdomo.

Anayeanza akae wima, alegeze mabega, aweke mkono tumboni. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi nne, tumbo liusukume mkono. Aitoe akihesabu hadi sita. Hesabu hizo zikienda sawa na sekunde, pumzi zitakuwa sita kwa dakika. Akili itakimbilia kwa mteja anayedai nguo yake. Hilo si kosa. Airudishe kwenye hewa inayopita puani, hata mara ishirini. Kurudi huko ni sehemu kubwa ya mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn alianza kuwapa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, akichota kwenye tafakuri ya Kibudha.

Msimu wa pilikapilika hautoi nusu saa ya kukaa kimya, lakini umejaa kusubiri. Pasi haijapata moto, daladala haijajaa, muamala wa simu unazunguka, foleni ya benki haisogei. Kila kimoja kinatosha pumzi sita.

Kuna la kuangalia. Pumzi kubwa za haraka haraka hupunguza mno hewa ya kaboni kwenye damu; mishipa ya ubongo husinyaa, kichwa kikazunguka na vidole vikafa ganzi. Anayehisi hivyo aache kuhesabu, apumue kawaida. Mwenye pumu asiache dawa yake. Maumivu ya kifua, au pumzi kubana mtu akiwa amekaa tu, ni ya kuwahishwa hospitali.

Ni vyema kuanza Oktoba au Novemba, dakika moja asubuhi na nyingine kabla ya kulala, ili Desemba imkute mtu ameshauzoea mwendo. Januari, ada na sare za shule zikibisha hodi, anaweza kuendelea na ratiba ileile bila kutoa hata shilingi.