Mkataba wa Udhamini na Ardhi ya Wameru

Ndugu zetu wa Visiwani wafikapo Arusha huonyeshwa kwanza Mnara wa Azimio, na ni haki yao kuuona. Lakini historia ya katiba ya nchi hii ina ukurasa mwingine, nao uko kaskazini-mashariki ya Mlima Meru, huko Ngare Nanyuki.

Tanganyika ilitawaliwa kwa mkataba. Mkataba wa Udhamini, ulioidhinishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 1946, ndio uliompa Mwingereza madaraka, na ndio uliomwekea mipaka. Ibara ya 8 ilimtaka azingatie mila na haki za wenyeji katika sheria za ardhi, tena ardhi yao isihamishiwe mgeni pasipo ridhaa ya mamlaka ya umma inayohusika. Maneno matamu hayo! Mamlaka yenyewe ilikuwa Serikali ya Gavana. Yaani fisi alikabidhiwa bucha.

Ripoti ya Jaji Mark Wilson ya 1947 ilikwisha kupendekeza ukanda wa walowezi kati ya Meru na Kilimanjaro. Novemba 1951 askari wakaingia, nyumba zikachomwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu. Walielekezwa Kingori, mahali wasipopataka.

Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kudai ardhi ya watu wake. Wakili wao, Earle Seaton, alikuwa mtoto wa kisiwani, mzaliwa wa Bermuda. Baraza la Udhamini lilisikitika tu. Katika Baraza Kuu, Kamati iliwaunga mkono, lakini kura za mwisho hazikutimia theluthi mbili. Hata hivyo njia ilikwisha kujulikana: mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alizungumza katika Baraza lile lile kwa niaba ya TANU. Zanzibar, ikiwa nchi ya himaya, haikuwa na mlango kama huo wa kubisha.

Leo ardhi si jambo la Muungano, na kila upande una sheria zake. Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya Serikali, na ardhi ya kijiji haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa. Lakini ikihamishwa ardhi isiyozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoamua. Ikizidi hapo, kijiji hutoa maoni na Waziri huamua. Hapo ndipo tunapowaomba viongozi wetu wasome tena Ibara ya 8, wakijiuliza ile mamlaka ya umma inayohusika ni nani hasa, na wazee wa Ngare Nanyuki wangemjibu nini.