Dawa Zinazosababisha Matiti Kutoa Maziwa Pasipo Uzazi

Kwa kawaida matiti ya mwanamke hutoa maziwa baada ya kujifungua. Hata hivyo, huweza kutokea kwamba mwanamke asiye na mimba wala mtoto mchanga akaona maziwa yakimtoka. Jambo hili huleta hofu, na pengine shutuma, ilhali chanzo chake huenda ni dawa anayoimeza kila siku.

Chini ya ubongo mna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo ukubwa wake unakaribia punje ya njegere. Tezi hii hutoa homoni ya prolaktini, inayoyafanya matiti yatengeneze maziwa. Homoni nyingi hutolewa baada ya kuchochewa. Prolaktini ni tofauti: tezi i tayari kuitoa wakati wote, ila huzuiwa. Kizuizi hicho ni dopamini, kemikali itokayo katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi. Dopamini hushika vipokezi vya seli za pituitari, mfano wa ufunguo uingiavyo katika kufuli.

Mwaka 1952 dawa ya klopromazini ilianza kutumiwa nchini Ufaransa kutibu magonjwa ya akili. Dawa hii, pamoja na haloperidoli na risperidoni zilizofuata, huziba vipokezi vya dopamini ubongoni. Lakini dawa ikiisha kuingia katika damu haichagui mahali. Vipokezi vya pituitari navyo huzibwa. Kizuizi kikiondolewa, prolaktini huongezeka na maziwa huanza kutoka. Hedhi nayo huweza kukoma, mwanamke akadhaniwa kuwa ana mimba. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, huleta matokeo hayo kwa njia iyo hiyo.

Si kila mara dawa ndiyo chanzo. Uvimbe wa pituitari, au upungufu wa homoni za thairoidi, huweza kuleta dalili hiyo hiyo. Kwa hiyo daktari hupima kwanza mimba, kisha kiasi cha prolaktini katika damu.

Mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa hiari yake, kwani ugonjwa wa akili uliotulia huweza kurudi kwa nguvu. Daktari aelezwapo mapema huweza kupunguza kipimo au kubadili dawa, na kwa kawaida maziwa hukoma prolaktini ishukapo.