Fahamu: Soketi ni nini, na kwa nini programu huihitaji kuwasiliana?

Soketi ni ncha ya mawasiliano ambayo programu hutumia kutuma na kupokea data mtandaoni. Hutambulishwa kwa anwani ya IP ya kompyuta pamoja na namba ya mlango, kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti salama kwa kawaida husikiliza kwenye mlango 443.

Chimbuko

Mtindo wa soketi unaotumika hadi leo ulienea kupitia 4.2BSD, toleo la Unix lililotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983.

Seva na mteja

Mzigo uko kwa seva, yaani programu inayotoa huduma. Hufungua soketi, huipa namba ya mlango, husikiliza, kisha hungoja. Mteja, yaani programu inayoomba huduma, akibisha, seva humfungulia soketi mpya. Ile ya kwanza hubaki mlangoni kupokea wengine. Hapa ndipo wanaoanza huchanganyikiwa.

Mteja yeye hufungua soketi na kuunganisha, basi.

TCP au UDP?

TCP na UDP ni itifaki mbili za kusafirisha data; hatua zilizoelezwa hapo juu ni za TCP. TCP hufikisha data kwa mpangilio, lakini haitunzi mipaka ya ujumbe: “Habari” inaweza kupokelewa kama “Hab”, kisha “ari”. Programu ndiyo huunganisha vipande. UDP hutunza mipaka hiyo, ila pakiti ikipotea njiani, haiitumi tena.