Karamu Kabla ya Harusi: Sikukuu na Msuko wa Futuhi katika While You Were Sleeping

Aghalabu wahakiki wa futuhi za kimapenzi huitazama sikukuu kama mandhari tu: theluji, taa na mti uliopambwa, vitu vinavyomwandaa mtazamaji kucheka na kusamehe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika While You Were Sleeping, filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Jon Turteltaub kutokana na mswada wa Daniel G. Sullivan na Fredric Lebow, sikukuu inafanya kazi nzito zaidi ya hiyo. Ndiyo inayouzaa uongo unaokiendesha kisa, ndiyo inayoulea, na ndiyo inayoufanya uwe mgumu kukanushwa. (Ajabu kidogo ni kwamba filamu hii ya Krismasi na Mwaka Mpya ilianza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi Aprili 1995.)

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Lucy, aliyeigizwa na Sandra Bullock, hupokea nauli katika kibanda cha kituo cha treni jijini Chicago. Wazazi wake wamefariki. Ugonjwa wa baba yake ulimlazimu hata kuacha masomo. Siku ya Krismasi anapewa zamu kwa sababu wenzake wana jamaa wa kwenda kula nao, naye hana. Siku hiyo hiyo Peter Callaghan, abiria ambaye Lucy amekuwa akimpenda kwa mbali bila kusemezana naye, anavamiwa na wahuni na kuangukia relini. Lucy anamwokoa, lakini Peter anapoteza fahamu. Hospitalini Lucy anazuiwa kumwona kwa kuwa si jamaa. Ananong'ona peke yake kwamba alikuwa amekusudia kuolewa naye. Muuguzi anasikia, na punde ukoo mzima wa Callaghan unaarifiwa kwamba huyu ndiye mchumba.

Yafaa tusite hapa, maana wahakiki wengi hupita haraka. Lucy hakumdanganya mtu. Maneno aliyoyasema yalikuwa matamanio, na yaligeuka kuwa habari yalipofika katika sikio la mwingine. Lakini kilichoyapa nguvu ni kanuni ya hospitali inayowatenga jamaa na wasio jamaa. Kikwazo cha kwanza katika filamu hii, basi, si mapenzi yasiyorudishwa, bali ni mlango unaofunguliwa kwa wenye ukoo peke yao. Hali ya Peter nayo inasaidia: alikuwa amejitenga na nyumbani kwao, hivyo hakuna anayewajua watu wake, na bibi mzee Elsie ana ugonjwa wa moyo, hivyo kila anayetaka kusema kweli anaogopa kumuua.

Northrop Frye, katika kitabu chake Anatomy of Criticism (1957), alieleza kwamba futuhi huelekea kuwajumuisha watu wengi iwezekanavyo katika jamii inayozaliwa mwishoni mwa mchezo, na kwamba ndiyo maana tamthilia nyingi za aina hii hufungwa kwa harusi au karamu. Filamu hii inaupindua mpangilio huo. Karamu inakuja mapema. Familia iliyoahirisha Krismasi yake kwa ajili ya ajali inamwalika Lucy nyumbani, nasi tunamwona ameketi kati yao, akipewa zawadi kama mmoja wao, kabla hajastahili chochote. Swali linaloivuta filamu mbele halihusu tu wapendanao kama watapatana. Linahusu pia kama mtu aliyeingia karamuni kwa mlango usio wake anaweza kubaki.

Onyesho la mezani ndilo bora kuliko yote kwa maoni yangu. Wote wanasema kwa pamoja: huyu anasifu viazi, yule anabishania urefu wa waigizaji wa sinema, hakuna anayemsikiliza mwenzake wala anayeudhika kwa kutosikilizwa. Kwa upande wa habari mazungumzo hayo ni matupu kabisa; kazi yake ni kudumisha ujamaa. Kwa Lucy, ambaye nyumbani kwake hungojewa na paka tu, kelele hizo ni utajiri. Hapo ndipo tunapotambua kwamba aliyempenda Peter kwa miezi kadhaa amewapenda Wacallaghan kwa jioni moja.

Msomaji wa Kiswahili ana nyenzo ambazo Kiingereza hakina za kulieleza jambo hili. Kwa habari ile moja ya muuguzi Lucy anakuwa mkwe wa Ox na Midge, wifi wa Mary, na shemeji wa Jack, nduguye Peter. Jack (Bill Pullman) anamshuku tangu mwanzo, akamfuatafuata ili amnase. Lakini baina ya mtu na shemeji yake, katika jamii zetu nyingi, kuna utani unaoruhusiwa, na ndani ya utani mengi huweza kusemwa bila kuulizwa. Wanapokutwa mlangoni chini ya kile kijitawi ambacho desturi ya Krismasi huwataka walio chini yake wabusiane, familia yote inawahimiza, ikidhani ni mzaha wa mashemeji. Kinaya hapa ni kikali: kadamnasi inashangilia jambo ambalo, lingejulikana lilivyo, lingeivunja nyumba.

Saul, baba wa ubatizo wa Peter, ndiye anayeifahamu siri mapema, naye anachagua kunyamaza kwa kuwa anaona familia imepata uhai mpya. Uamuzi wake una utata wa kimaadili ambao filamu haiuchunguzi vya kutosha.

Peter anapozinduka na kukubali kumwoa mchumba asiyemkumbuka, harusi inaandaliwa katika kanisa dogo la hospitali. Hapo bibi harusi mwenyewe anaipinga ndoa yake, akikiri mbele ya wote kwamba anampenda Jack. Kuingia kwa mchumba halisi wa Peter, na mume wake nyuma yake, ni ramsa tupu na kunapunguza uzito wa tukio. Lakini kiini kimeshafika. Lucy anaondoka mwenyewe, bila kufukuzwa. Kukiri kwake kunagharimu meza ile ya viazi, na ndiyo sababu kuna thamani.

Anarudi kibandani, nyuma ya kioo. Hapo mwanzo Peter alikuwa akipita na kudondosha nauli bila kumtazama usoni. Sasa kinachoanguka katika kisahani cha nauli ni pete, na Lucy anapoinua macho anamwona Jack amesimama nje, na nyuma yake wazazi, bibi, dada na Saul, wote wamekuja kuposa.