Alama Ndogo Iihamishayo Kilakala

Mwanafunzi asimamaye Kilakala, mjini Morogoro, huiona Milima ya Uluguru upande wa kusini, wala hahitaji kuambiwa yuko wapi. Kompyuta haioni mlima. Yenyewe huijua Kilakala kwa namba mbili tu: latitudo, karibu -6.82, na longitudo, karibu 37.67. Alama ya kutoa huonyesha kwamba mahali hapo pako kusini mwa Ikweta.

Namba tupu, hata hivyo, hazijielezi. Ndiyo sababu wataalamu walibuni utaratibu wa kuizungushia kila habari alama zitajazo jina lake. Utaratibu ulioenea sana, uitwao XML, uliidhinishwa Februari 1998 na W3C, jumuiya inayoweka viwango vya mtandao wa dunia. Mathalani, habari za kisima twaweza kuziandika hivi:

<kisima latitudo="-6.82" longitudo="37.67">
<hali>kinatoa maji</hali>
</kisima>

Kila alama ya kufungua sharti iwe na ya kufunga, yenye mkwaju. Nayo iliyofunguliwa mwisho hufungwa kwanza, kama mtu aliyevaa soksi kisha viatu alazimikavyo kuvua viatu kwanza. Maandishi ya namna hii husomeka kwa mtu na kwa kompyuta pia. Lakini anayeandika visima 500 kwa mkono hakosi kusahau mkwaju mmoja, na kwa kosa hilo moja programu ifuatayo kanuni hulikataa faili zima.

Hapo ndipo zinapohitajika programu za kuhariri. Programu hizo hupaka alama rangi tofauti, humfungia mwandishi alama alizofungua, na hutaja mstari wenye kosa. Zilizo bora zaidi hulinganisha faili na mwongozo wa muundo, usemao, kwa mfano, kwamba kila kisima kiwe na hali, na kwamba latitudo isizidi 90 wala isipungue -90.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hutoa data yake kwa XML. Ramani hiyo ilitumika Tandale, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kisha mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walichora nyumba, njia na mitaro ya kata zinazokumbwa na mafuriko. COSTECH ilikuwa miongoni mwa washirika. Programu moja ya kuhariri ramani hiyo ni JOSM: mchoraji huchora mstari juu ya picha ya setilaiti, nayo programu humwandikia alama zote.

Je, kosa limekwisha? La. Kwa desturi ya ramani hiyo, mto huchorwa kuelekea yanakokwenda maji. Akiuchora mtu kinyume, alama zake zitakuwa sahihi kabisa, lakini hesabu ya mafuriko inayotegemea mwelekeo huo itayapandisha maji Uluguru!

Kosa la namba ni baya zaidi. Tukisahau alama ya kutoa, kisima chetu huhama kiasi cha kilomita 1,500 kaskazini, hadi karibu na mji wa Sodo, kusini mwa Ethiopia. Tukibadilishana latitudo na longitudo, hujikuta kusini mwa Hispania. Mwongozo wetu wa muundo haulalamiki, maana namba zote zimo ndani ya mipaka. Kosa hilo hugunduliwa na mtu aitazamaye picha, au aendaye kwa miguu kukitafuta kisima chenyewe.

Mwalimu mwenye kompyuta moja aweza kulionyesha jambo hili darasani. Mfano wa hapo juu uandikwe katika programu yoyote ya maandishi, uhifadhiwe kwa jina liishialo kwa .xml, kisha ufunguliwe katika kivinjari. Wanafunzi wafute mkwaju mmoja, waone kivinjari kinavyotaja mstari wa kosa. Waurudishe, kisha wafute alama ya kutoa, na wafungue tena: kivinjari hakitasema neno.