Si Kila Kitu ni Uzee

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha matokeo ya kazi iliyohitaji subira kubwa. Walikuwa wamewakagua wazee 101 mwilini, siku baada ya siku kwa muda wa hadi wiki sita, wakitafuta kitu kimoja tu: mahali damu ilipovilia chini ya ngozi bila mtu kupigwa. Ngozi ya mzee ni nyembamba na mishipa yake hupasuka upesi, hasa kwa wanaotumia dawa za kupunguza damu kuganda. Je, alama za kujigonga kwenye meza au mlango hukaa wapi?

Karibu asilimia 90 zilikuwa mikononi na miguuni. Shingoni hawakuona hata moja, wala masikioni, matakoni au kwenye nyayo. Rangi nayo iliwafundisha jambo. Wengi huamini kwamba alama ya manjano ni ya siku nyingi, lakini baadhi ya alama hizo zilikuwa za manjano ndani ya saa 24 za kwanza. Anayedai kuisoma tarehe ya kipigo kwenye rangi ya ngozi anabahatisha.

Miaka minne baadaye watafiti wa chuo hichohicho waliwachunguza wazee waliothibitika kupigwa. Zaidi ya nusu ya waliokutwa na alama walikuwa na angalau moja yenye upana wa sentimita 5 au zaidi, na kuliko kundi la kwanza, alama zao zilionekana zaidi usoni, mgongoni au upande wa nje wa mkono wa kulia. Kuna jambo jingine ambalo kila muuguzi angepaswa kulijua. Wale wa kundi la kwanza, waliojigonga wenyewe, wengi hawakukumbuka alama ilitoka wapi. Waliopigwa, wengi mno walikumbuka na waliweza kueleza, wakiwemo wenye matatizo ya kumbukumbu. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza.

Hapo ndipo penye shida. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki bibi huletwa na mjukuu au mkwe, na kabla hajafungua kinywa maelezo yameshatolewa: ameanguka bafuni. Amekonda? Hali vizuri siku hizi, ni uzee. Amenyamaza? Uzee huo. Haijui pesa yake ilipo? Anasahau sana. Kila moja ya kauli hizi inaweza kuwa kweli, na kwa sababu hiyo ukatili dhidi ya wazee hujificha vizuri kuliko ukatili mwingine wowote wa nyumbani. Dalili zake hufanana na dalili za umri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa ukatili wa aina fulani katika jamii kila mwaka. Tafsiri ya ukatili inayotumika zaidi, iliyomo katika Azimio la Toronto la mwaka 2002, haiishii kwenye kipigo. Inahusu tendo, au kuacha kutenda kinachopasa, ndani ya uhusiano wa kuaminiana, kunakomletea mzee madhara au dhiki. Tendo moja linatosha, hata lisiporudiwa.

Kuacha kutenda ndiko kunakosameheka upesi, na ndiko kunakoua polepole. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya kulalia kwenye nyonga, visigino na chini ya mgongo. Kidonda kimoja kinaweza kumpata hata mwenye kutunzwa vizuri. Vinapokuwa vingi, vinanuka na havina dawa wala kitambaa, hapo hakuna anayemhudumia. Midomo iliyokauka, kucha ndefu zilizojikunja, shuka lenye mkojo wa siku kadhaa, miwani au mkongojo uliowekwa mahali asipofikia: vyote vinasema kitu. Vivyo hivyo usingizi wa mchana kutwa kwa mtu aliyekuwa mchangamfu wiki iliyopita, kwani wapo wanaopewa dawa za usingizi ili nyumba itulie. Wapo pia wanaofungiwa chumbani kwa kufuli watu wakienda kazini, na familia ikaona imemlinda asipotee.

Ukatili wa kingono hutajwa kwa nadra, kwa kuwa watu hawataki kuamini kwamba upo. Upo. Maumivu au damu sehemu za siri, maambukizi yasiyo na maelezo, au hofu ya ghafla ya kuogeshwa na mtu fulani ni mambo ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Kisha kuna pesa. Kenya iliupanua mpango wa Inua Jamii mwaka 2018 ili kila mwenye miaka 70 na zaidi apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilikuwa imetangulia na Pensheni Jamii Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 za Tanzania. Fedha hizo zimewapa wazee wengi heshima ya kununua sukari yao wenyewe. Lakini mzee asiyeweza kutembea hutegemea mtu wa kwenda kumchukulia, na asiyesoma vizuri huitaja namba yake ya siri mbele ya wakala na foleni nzima. Wizi huu hauvunji mlango. Huanza na mtoto kuomba laini ya simu “aishike tu”, halafu mzee akawa hajui kilichoingia wala kilichotoka. Dalili ya wazi ni pengo: mwenye kipato cha kila mwezi, mashamba au kodi ya nyumba, anakosa dawa ya presha ya bei ndogo.

Ardhi ni nzito zaidi. Karatasi huletwa jioni, dole gumba hupakwa wino, na mzee huambiwa ni fomu ya matibabu. Mzee anayetajiwa mauzo ya shamba lake akashangaa, au anayezuiwa kuzungumza na mwanasheria, mwenyekiti wa kijiji au mwanawe aishiye mbali, yuko hatarini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inautaja unyanyasaji wa kiuchumi waziwazi, sambamba na kipigo na mateso ya kihisia. Polisi wa mapokezi anayesema “hayo ni mambo ya kifamilia” hajaisoma.

Tamaa ya ardhi inapokutana na imani ya uchawi, matokeo huwa mauaji. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yana historia inayoeleweka kabisa: miongo ya kupika kwa kuni, mabua na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha, pamoja na trakoma isiyotibiwa. Kilifi, pwani ya Kenya, mvi ndizo hushutumiwa, na wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili waishi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliofukuzwa kwao kwa tuhuma hizo. Na Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kuchomwa moto na watu wa kijiji chao.

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unastahili kutajwa hapa kwa sauti kubwa. Mgonjwa wake huamka usiku, hutoka nje, huzungumza peke yake, hupotea njia aliyoipita miaka 50, na pengine hukutwa alfajiri kwenye ua wa jirani akiwa hana nguo. Kliniki inayaona hayo kama dalili za ugonjwa wa ubongo. Kijiji kinasema mchawi amenaswa.

Mauaji ya namna hii hayaji bila kutanguliwa na kitu. Watoto hukatazwa kupokea chakula cha bibi. Jina lake hutajwa kila kukiwa na msiba. Anaitwa kwa mpiga ramli chonganishi, au familia inakwenda bila yeye na kurudi na jibu. Mara nyingi kuna mgogoro wa mpaka au urithi uliotangulia maneno hayo, na mjane asiye na mtoto wa kumtetea ndiye wa kwanza kulengwa. Anayesikia minong’ono hiyo akanyamaza, amesikia dalili ya hatari kubwa kuliko jeraha lolote.

Mtendaji ni nani? Mara nyingi si mgeni. Ni mtoto, mkwe, mjukuu au mwenza. Wapo waliochoka kwelikweli, binti mmoja akimhudumia mama usiku na mchana bila kaka yeyote kumpokea, hadi siku moja mkono ukamponyoka. Huyo anahitaji kusaidiwa haraka, na kumsaidia ni kumlinda mama. Lakini simulizi ya mlezi aliyechoka isitumike kuwafunika wote. Tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba hatari huongezeka pale mtendaji anapomtegemea mzee kwa nyumba na fedha, hasa akiwa mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya. Kijana wa miaka 35 anayeishi kwa pensheni ya baba na kumfokea kila tarehe ya malipo si mlezi.

Madaktari nchini Kanada walitengeneza hojaji fupi, iliyochapishwa mwaka 2008, inayomalizika kwa dakika mbili hivi. Mambo yake hayahitaji shahada. Katika miezi 12 iliyopita, yupo aliyekuzuia kupata chakula, dawa, miwani, au kukutana na watu unaowataka? Yupo aliyezungumza nawe kwa namna iliyokuaibisha au kukutisha? Aliyekulazimisha kuweka saini, au kutumia pesa yako usivyotaka? Aliyekutia hofu, kukugusa usivyopenda, au kukuumiza? Swali la mwisho si la mzee. Daktari mwenyewe anatakiwa kutazama: anakwepa macho, amedhoofika, ana majeraha, dawa zake zinatumika inavyopasa?

Sharti ni kwamba mzee awe peke yake. Ikiwa aliyemleta anakataa kutoka chumbani, anamjibia, au mzee anamtazama kwanza kabla ya kusema, hiyo nayo iandikwe kwenye faili. Nyumbani ni rahisi zaidi kuliko hospitali. Jirani anaweza kuamkia, akakaa, akaomba maji, akazungumzia mvua, kisha akauliza taratibu, “Bibi, hapa nyumbani unaishi kwa amani?” Jibu la kwanza kwa kawaida ni “nipo tu, mwanangu.” Mama hataki mwanawe afungwe, na anahofia atahamishwa au kuachwa bila wa kumchotea maji. Asilazimishwe siku hiyo. Aulizwe anataka nini: wengi wanataka kipigo kikome huku mtoto akibaki mtoto.

Kama kuna jeraha, matibabu yanatangulia, na nchini Tanzania fomu ya PF3 hutolewa na polisi, ambako vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto linalopokea pia watu wazima. Kenya fomu hiyo ni P3. Kwa njaa, pesa au kufungiwa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuanzia, na chifu au mwenyekiti wa mtaa anaweza kumfikisha. Minong’ono ya uchawi haingoji kikao cha wiki ijayo: mzee ahamishwe kwanza usiku huohuo kwa ndugu anayemwamini, taarifa ifike polisi, na aende na kitambulisho chake, dawa zake na hati ya shamba.