Balagha ya Baraza na Insha ya Chuo Kikuu: Mfano wa Kilambo

Neno balagha tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika elimu ya Waarabu lilikuwa jina la fani yenye matawi matatu: maani, yaani elimu ya maana zitokanazo na mpangilio wa maneno, bayani, yaani njia za kuidhihirisha maana kwa tashbihi na istiara, na badii, yaani mapambo ya usemi. Wanafunzi wetu wa chuo kikuu walijua tawi la mwisho tu. Ukiwauliza balagha ni nini, watakutajia takriri, tashihisi na mubaalagha, kisha watanyamaza. Walakini al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1338 na ambaye aliifupisha kazi ya al-Sakkaki, aliieleza balagha ya usemi kuwa ni maneno fasaha yanayoafikiana na yale yatakiwayo na hali. Katika maelezo hayo pambo halikutajwa. Lililotajwa ni hali: nani asema, na nani, juu ya jambo gani, na kwa haja ipi.

Nataka kuonyesha kwamba elimu hiyo ya hali wanafunzi wengi huja nayo kutoka kwao, na kwamba sisi tuwafundishao kuandika huwapokonya mlangoni.

Kilambo ni kijiji cha mpakani, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, wasafiri wavukapo kwa kivuko kwenda Msumbiji. Ng'ambo ya pili ndiko Kionga, nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani tangu mwaka 1894 hata Wareno walipoitwaa mwaka 1916. Kimakonde chasemwa pande zote mbili za mto. Kando ya bahari ya Msumbiji kuna Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili. Na pwani yetu ya kusini ilikuwa na lahaja yake, Kimgao. Kijana wa hapa basi huzoea tangu utotoni kuyachagua maneno kwa kumtazama amsikilizaye.

Na tulitazame shauri la mpaka wa shamba la mikorosho, jambo la kawaida katika nchi hii. Mzee asemaye vizuri barazani haanzi na dai lake. Huwaamkia waliopo kwa daraja zao. Kisha huyarudia maneno ya mshindani wake, tena kwa uaminifu, hata mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hapo ndipo ataja mkorosho gani ulipandwa na nani, nani alikuwapo, nani aliokota korosho zake mwaka hata mwaka pasipo kuzuiwa. Methali ikija, huja mahali pake. Asemapo "Penye wengi hapaharibiki neno" hapambi maneno yake. Awatwika mashahidi mzigo wa kusema, na tangu hapo kunyamaza kwao kutakuwa na maana. Hiyo ni hatua ya hoja. Aristotle angaliitambua mara moja, maana naye alisema kwamba mtu huaminiwa kwa tabia yake, kwa hali ya nyoyo za wasikilizaji, na kwa hoja yenyewe.

Sasa mchukue mjukuu wa mzee huyo, umtie chuoni, umwambie aandike insha. Ataanza na methali, kwa kuwa sekondari alifundishwa kwamba insha nzuri huanza na methali, hata kama haihusiani na neno lolote lifuatalo. Ataandika utangulizi, kiini na hitimisho. Hatamtaja mshindani, wala hatakuwa na shahidi. Si kwamba hajui kuhoji. Hakuambiwa kwamba insha ni mahali pa kuhojia.

Lawama si yake. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na akifika chuo kikuu, mafunzo ya stadi za mawasiliano pia huwa kwa Kiingereza, mahali ambapo kazi kubwa ni kusahihisha vitenzi. Hayo yana historia yake. Huko Marekani chuo cha Harvard kilikuwa na kiti cha ualimu wa balagha ambacho John Quincy Adams alikikalia tangu mwaka 1806. Mwaka 1874 kikaweka sharti la kuandika insha katika mtihani wa kuingilia. Baada ya hapo somo la insha likawa lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na polepole mwalimu wa balagha akageuka kuwa mwinda makosa. Sisi tulirithi uwindaji huo bila ya kuwa na kile kiti kwanza.

Wala vielelezo havitukosi. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika habari za desturi za Waswahili, zilizochapishwa na Velten mwaka 1903, kwa nathari iliyo wazi kabisa. Velten huyo huyo alichapa mwaka 1907 habari za miji ya pwani, na Lindi na Sudi zikiwamo. Wanahistoria huzisoma habari za namna hii kutafuta tarehe. Mimi ningependa zisomwe kama hoja za haki ya kutawala. Hata kisa mashuhuri cha Kilwa, cha mgeni aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia, ni hati ya mauziano iliyovaa vazi la hadithi. Naye Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954. Ni ajabu jinsi kinavyotajwa mara chache madarasani.

Lipo pia suala la lahaja. Mwanafunzi wa kusini akiponyokwa na chi- mahali pa ki-, hukatwa alama. Na akiandika tamati ya -ile kama katika Kimakonde, huambiwa hajui Kiswahili. Mshairi wa kale akiitumia -ile hiyo hiyo, twamwita bingwa. Sikatai usanifu, kazi iliyoanzwa na Kamati ya Lugha mwaka 1930 ina faida zake. Nakataa alama ya kosa la kiambishi kupita alama ya hoja iliyokosekana.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Shauri la mikorosho lisipokwisha kijijini huenda kwenye baraza la ardhi la wilaya, na huko huanza kwa karatasi. Mzee aliyeshinda kwa ulimi aweza kushindwa kwa maandishi, na atakayemwandikia ni yule mjukuu. Kwa hiyo zoezi la kwanza la mwaka wa kwanza ningeliweka hili: mwanafunzi asikilize shauri moja la kwao, aliandike lote kama lilivyosemwa, kisha aligeuze kuwa barua ya madai kwa mtu ambaye hakuwapo. Kila neno litakalomlazimu kuliongeza, kwa kuwa msomaji huyo hakuuona mkorosho wala hakuusikia ukimya wa mashahidi, ndilo somo la siku hiyo.